Moteri Yenye Nilisikia ku Mulango ya Simone

Funga ile radio, Faustin, na ninyi bajukuu yangu, Kasonde na Julienne, mukaribie kitanda, juu sauti yangu haifiki tena ku mulango, na maneno ya leo haifai kupita ku dirisha. Ya bengine yote niliipitisha ku dirisha miaka mingi, munanijua.

Faustin mutoto yangu, jana nilikusikia mu lupango, mu uwanja ya nyumba. Ulishika karatasi ya kamioneti, ukalalamika: "Hapa baliandika Peugeot 404 bâchée, moteri ya mazuti, ya dizeli, na gari inakunywa esansi, petroli! Nani alituiba moteri?" Ulitaka kumushitaki fundi. Mwache. Mwizi iko hapa, analala mbele yako, na moteri haiko kintu yenye aliiba.

Jina yenye banapigilia nyuma ya gari ni ya mabati tu. Marehemu baba yako, mwenye alitengeneza magari ya Gécamines, kampuni ya shaba, miaka makumi mbili, alinifundisha vile: Peugeot, Toyota, Datsun, ile ni kanzu, muntu mwenyewe iko chini. Si mwaka ya 72 serikali ilitunyanganya majina ya batizo? Godefroid, mukwe yangu, akawa Citoyen, raia, Mwaba mu makaratasi, na bukari, ugali yetu, alikula na mukono ileile. Moteri ya esansi inasema laini, inawaka haraka. Ya mazuti inagonga sawa muntu anatwanga mihogo, na mu baridi ya mwezi ya sita inaomba kubembelezwa. Nilijua yote na masikio, juu shule niliacha mwaka ya pili, na juu ya bukwe, heshima ya mama na mukwe yake.

Batoto ya leo munacheka bukwe. Sisi, mama haangalii uso ya bwana ya binti yake. Akifika, unapita nyuma ya jikoni. Akisalimia, unajibu udongo. Kasonde, Julienne, miaka kenda baba yenu Godefroid aliingia hapa, na uso yake sikuijua. Nilijua moteri yake. 404 yake iligonga, ikakohoa mara mbili, ikazimika, na mi niliita binti yangu Régine: "Weka mayi ku moto, bwana yako amefika." Sikukosa hata siku moja. Mtaa yetu ya Hewa Bora yote ilinisifu. Babibi balikuja kuniuliza bwana zao balipita wapi, na yenye nilijua nilisema, na yenye sikujua, Mungu anirehemu, nilitia chumvi.

Mwaka ya 76 Godefroid alikwenda Kipushi majuma sita, kubeba makala ya kupikia, mukaa. Katikati ya ile majuma, mchana wazi, nikasikia ile kikohozi ku mulango ya Simone, mushonaji ya njia ya pili, mwenye kucheka na kila muntu. Kesho yake tena. Siku ya tatu nikamwambia Régine: "Bwana yako haiko Kipushi. Iko kwa Simone."

Akauliza: "Mama, ulimuona?"

Nikajibu: "Tangu lini mi ninamuona?"

Alitaka kwenda kupiga hodi, na mi njo nilimushika mukono: mwanamuke ya heshima haulizi bwana yake ku mulango ya mwengine. Godefroid aliporudi, nguo zake zilikuwa inje. Akasema ile moteri ilizeeka, mwanzo ya safari aliiuzisha kwa Lucien, ndugu ya Simone, akatia ya esansi, "Njooni musikie!" Mi nikajibu nyuma ya ukuta: "Mwizi anabadirisha shati, na ndugu atamufichia dada." Mulomo hauna mufupa, bantu yangu, lakini unavunja. Jamaa ikamukatia faini, akaacha funguo ku meza, akashika njia ya Kipushi na miguu.

Kisha miaka mbili, Régine iko hospitali, mi ninaosha sahani, ninasikia: inagonga, inakohoa mara mbili, inazimika. Miguu yangu ilikimbia yenyewe nyuma ya jikoni. Na pale nyuma ya jikoni, nani alikuwa ananingojea? Kamioneti ya Godefroid, kimya, na mavumbi yake. Nikasikia kijana anacheka ku mulango: "Mama, juu ya nini unanikimbia? Mi si mukwe yako! Mi Lucien, moteri yake ya zamani njo iko mu gari yangu. Godefroid anatuma mufuko ya unga kwa batoto yake."

Nilipokea ile unga. Niliambia ninyi: mujomba Faustin njo alinunua. Bazee banasema mutoto mwenye hatembei anasifu bukari ya mama yake tu. Ninyi mulisifu bukari yangu, na ilikuwa unga ya baba yenu, ile na mifuko yote yenye ilifuata.

Régine nilisema nitamwambia akipona. Hakupona. Alikwenda na uongo yangu mu roho. Ku kilio, ku matanga yake, Godefroid alifika, bakamusimamisha ku barabara, na wewe, Kasonde, na miaka yako kumi, ulimugeuzia mugongo. Mi nilikuwa nyuma yako. Nikanyamaza.

Mayi, Julienne... kidogo. Basi.

Faustin, kamioneti haiko yetu, usiiuzishe. Kesho, usingoje kilio yangu, jaza esansi. Mbele ya yote, pita kwa Simone, useme ukweli ku mulango, na sauti ya juu, juu mi nilimuharibia jina na sauti ya juu. Kisha peleka batoto Kipushi, umupe Godefroid funguo na mikono mbili. Akifunga mulango, mukae chini. Akitukana, anitukane mi, musinitetee. Akilia, musitazame.

Kasonde, miaka tano haukusema ile neno. Sema hapa, nisikie. Sema: Baba.

...Hapana. Ile ni sauti ya muntu anasalimia polisi. Tena. Sawa mutoto anaita baba yake ku mbali, iko na njaa.

Eee... Vile. Julienne na wewe.

Miti yenye inakomea, yenye inakua, njo pori. Mukomee, bajukuu yangu. Mungu abachunge, na marehemu bote babasimamie, na Régine... nitamwambia mi mwenyewe, nitaanza na yeye... Mukono yangu iko wapi? Iweke ku kichwa ya mutoto, Faustin, siwezi kuinyanyua.

Kasonde. Ile neno. Tena, lakini polepole... usiache.