Vidole vya Bi Nhàn

Katika basi la kwenda mji wa Đồng Xoài, Vietnam, Bi Nhàn, mbanguaji korosho kwa miaka ishirini na sita, aliketi kando ya mzee aliyekuwa na kuku kapuni na maoni juu ya kila kitu.

“Naenda kuchukuliwa alama za vidole za pasipoti,” alimwambia. “Serikali yetu na ya Tanzania zimepatana. Kiwanda kinanipeleka Mtwara nikafundishe kubangua.”

“Uwafundishe wenye korosho zao? Wakishajua, dada, watatuuzia nini tena? Utarudi ubangue mawe!”

“Wakubwa watie saini, lawama nibebe mimi? Kaka, nimekula korosho zao maisha yangu yote. Nataka niuone mti wao kabla sijafa.”

Mzee akakigeuza kiganja cha Bi Nhàn kwenye mwanga. Mafuta ya maganda yalikuwa yamezila ncha za vidole zikawa laini hata nzi angeteleza.

“Mashine itasoma nini hapa?”

Bi Nhàn hakuwa amelifikiria hilo. Basi likasimama mbele ya ofisi ya pasipoti, akateremka.

“Wakikukataa,” mzee akapaza sauti dirishani, “waambie alama zako zimeliwa na korosho za Mtwara. Wakazidai huko!”

Bi Nhàn alishajipanga foleni, ngumi ameikunja kuvificha vidole.