Fundi Shusha, Aliyeketisha Pikapu kwa Heshima

Marehemu tunayemsindikiza leo, aliyejulikana na wengi kama Fundi Shusha, alizaliwa tarehe 14 Mei 1974 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la mbao. Alikuwa mtoto wa tatu wa mshona viatu na mkunga. Mama yake, tuliye naye hapa, anasema alizaliwa akipiga kelele na hakunyamaza mpaka alipopewa kijiko cha kugongagonga.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1988, na mwaka 1993 akapata cheti cha umakanika katika chuo cha ufundi. Mwalimu wake wa hesabu alimtoa darasani mara nyingi kwa kuchora magari daftarini. Baadaye mwalimu huyo alimletea gari lake, akapangishwa foleni kama wateja wengine.

Mwaka 1996 alifungua karakana yake, na kazi iliyompa jina ni kushusha pikapu, yaani kuipunguza kimo ikae karibu na ardhi. Nyuma aliihamisha ekseli kutoka chini ya springi akaifunga juu yake, akakata nafasi kwenye chasisi ili isigonge. Mbele aliweka springi fupi na shokapu za kimo chake. Aliyetaka springi zake zikatwe kwa gesi ili mambo yaishe haraka aliambiwa, "Peleka kwa anayekuchukia." Gari likitoka mikononi mwake lilipendeza, tena lilishika barabara. Kwenye kona halikuyumba.

Tarehe 8 Desemba 2001 alimuoa mwalimu wa chekechea, na Mungu akawajalia mabinti wawili. Siku ya kuposa alikwenda na pikapu yake mwenyewe, imeshushwa mpaka tairi zimejificha. Baba mkwe aliizunguka, akauliza, "Kijana, mbona gari lako limekaa kitako?" Marehemu akajibu, "Mzee, limefika ukweni. Limeketi kwa heshima." Mzee alicheka mpaka akashika ukuta, na mahari ikazungumzwa kwa upole.

Pumu ilimwanza mwaka 2015. Daktari alilaumu vumbi la msasa na rangi, akamtaka abadilishe kazi. Mkewe alimsihi, alimnunia, alilia. Yeye alinunua barakoa, akaivaa shingoni.

Tarehe 3 mwezi huu, alasiri, alibanwa kuliko siku zote, na dawa ya kuvuta haikumsaidia. Mkewe alimwingiza kwenye pikapu, akashika usukani. Mtaroni, pale yalipokuwa yakilazwa mabomba ya maji, tumbo la gari lilikaa juu ya kifusi na tairi zikazunguka bure. Alipiga honi, akapiga mayowe. Mafundi wa karakana wakaja mbio, watu waliompenda kama ndugu yao, na wote wakaingia chini ya gari. Mmoja alitaka jeki, mwingine mbao. Wawili wakaanza kubishana ni upande upi uinuliwe kwanza ili shokapu isivunjike.

"Liacheni gari!" mkewe alipiga kelele. "Mbebeni mtu! Jamani, mbebeni mtu!"

"Dakika moja tu, shemeji, linatoka hili!"

Na kweli lilitoka. Lakini wakati huo marehemu alikuwa amebadilika rangi ya midomo. Mwenye duka la jirani alileta gari lake upande wa pili wa mtaro, wakambeba mikononi wakikimbia. Alifika hospitali, akakata roho mlangoni, kabla ya kuwekewa oksijeni.

Mkewe ameomba isisomwe hapa kwamba marehemu aliitwa akaitikia, wala kwamba alilala. Hakulala. Alimng'ang'ania mkono mpaka kucha zikaingia, na kila alipopata pumzi alisema jambo lile lile: "Mama watoto, usiniache nife." Alitaka kuishi. Mkewe ameomba pia mafundi wasiombe tena msamaha, kwa kuwa hana nguvu ya kuwajibu. Usiku na mchana anajiuliza kwa nini hakumshusha mwenyewe na kumburuta.

Marehemu ameacha mama, mke, mabinti wawili, mdogo wake anayesoma maneno haya, na mafundi aliowafundisha kazi.

Na apumzike kwa amani. Mkewe bado hajaipata.