Kofia ya Afande Josepha

Mgeni rasmi, Afande Kamanda. Viongozi wa mtaa. Wafanyabiashara na wabeba mizigo wa Kariakoo. Mabibi na mabwana.

KARIBU

Sisi askari wa Kituo Kidogo cha Mtaa wa Mkwaju tunakukaribisha kwa saluti na kwa mikono miwili. Umekuja kutufungulia chumba cha mapumziko, na njiani umejionea mwenyewe: mikokoteni, mitumba, redio zinazoshindana kwa kelele. Tangu biashara ifunguliwe, kila mtu hapa ni muuzaji, na asiyeuza anabeba. Wezi nao hawakukubali kuachwa nyuma.

TULIKOTOKA

Afande, hatutakuficha. Kituo hiki kilisifika kwa vilio. Mtuhumiwa aliingia kwa makofi na kutoka kwa bahati, na sisi tuliona ndiyo kazi.

Kisha akaletwa Inspekta Josepha, mwanamke wa Masasi, mfupi, mwenye sauti ya mwalimu wa chekechea. Tulicheka kichinichini. Wiki ile ile akatundika ubao mbele ya kaunta, akaandika kwa chaki: mwambie kwa nini umemkamata, usimpige, ndani ya saa ishirini na nne afike mahakamani.

Koplo Beno akamwambia, "Afande, watu wa hapa bila kofi hawasemi."

"Kofi linamsemesha yeyote, Koplo," akajibu. "Hata wewe nikikuzaba mawili matatu utakiri umeiba bandari nzima."

Akaanzisha pia kuvua buti. Hakuna askari anayetoka zamu akaenda nyumbani kabla hajakaa kwenye benchi la uani, akavua buti, akanywa chai na kusema alichokiona siku ile. Mwanzoni tulikodoleana macho tu. Siku moja sajenti wetu, mtu wa miraba minne, alianza kueleza habari za mtoto aliyegongwa na lori la kontena, akalia mpaka chai ikapoa. Hakuna aliyemcheka. Tangu hapo pombe imepungua, na wake zetu wamekuja wenyewe kushukuru.

SIKU YA MZIGO

Mwaka jana Vitalis, baba wa watoto wawili aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka Songea, alibebeshwa robota la vitenge la Mama Jasvanti, mwenye duka mtaa wa pili. Taratibu za hapa mnazijua: mbeba mizigo hutangulia, mwenye mali hufuata, na kila kona mbebaji hupiga mluzi ili wasipoteane. Vitalis hakuwa na habari ya mluzi. Alipofika njia panda akageuka, mama hayupo. Hofu ikamwingia, akaanza kukimbia huku na huku akimtafuta, robota kichwani. Mama Jasvanti kutupa jicho, akaliona robota lake linakimbia.

"Mwizi! Jamani, mzigo wangu!"

Afande, neno hilo likishatoka hapa Kariakoo, kulirudisha ni kazi. Tulipofika, Vitalis alikuwa chini, tairi limeshaletwa, na mtu ameshika chupa ya mafuta ya taa. Sisi tulikuwa watatu na bunduki zetu, tukasita. Inspekta Josepha hakusita. Alipita katikati ya umati bila hata kirungu. Baadaye alituambia pale kwenye benchi kwamba alichokuwa akiwaza ni nani atawapikia wanawe jioni ile. Jiwe likampata shavuni. Akapiga goti, akavua kofia yake, akamvika Vitalis.

"Haya," akasema. "Huyu sasa ni askari. Anayetaka kumchoma, aanze na serikali."

Mgeni rasmi, tumeona mengi katika kazi hii, lakini hatukuwahi kuuona mtaa ule ukinyamaza. Redio tu ndizo zilizoendelea kuimba. Mwenye mafuta ya taa aliitazama chupa yake kana kwamba ameshikishwa na mtu mwingine.

Ndipo Mama Jasvanti akapenya akilia: "Mzigo upo wote! Hajaiba! Mwacheni, jamani, mwacheni!"

Chumba unachokifungua leo, mabati katoa yeye. Zege kalibeba Vitalis na wenzake.

YANAYOTUSUMBUA

Paa la mahabusu linavuja. Choo ni kimoja kwa wote, askari na mahabusu. Hayo tumeyazoea.

Kinachotunyima usingizi ni kwamba Inspekta Josepha ana mashtaka ya kinidhamu: alimvika raia kofia ya jeshi, na aliingia kwenye ghasia bila silaha. Akipatikana na hatia atavuliwa cheo, na uamuzi uko mezani kwako. Yeye halalamiki. Anasema sheria isiyomgusa mkubwa si sheria. Ila siku hizi akivua buti anatumiminia sisi chai, na zamu yake ya kusema anaipisha. Anatusikiliza sisi sote, na yeye hana wa kumsikiliza. Inatuuma sana.

MAOMBI

Tunaomba choo cha pili. Tunaomba mtaalamu wa kuzungumza na askari walioona mabaya, na aanze na yeye.

Na tunaomba, kabla kalamu yako haijagusa karatasi ile, umwite, umsikilize. Shahidi wa mashtaka ni mmoja tu, Koplo Beno, naye ndiye anayekusomea risala hii. Ataapa, na atasema kweli kama alivyofundishwa: kofia aliiona ikivikwa. Ataongeza na kingine alichokiona: mtu aliyekwisha kuhukumiwa kufa akiinuka na kwenda zake.

Mwenyezi Mungu akupe afya, na akuongoze katika kila unalolitia saini.

Mwisho, Afande, rasimu aliyoipitisha Inspekta Josepha jana ilihusu paa na choo tu. Alituamuru tusimtaje hata kwa jina. Tangu aje kwetu, hii ndiyo amri yake ya kwanza tuliyoivunja, na tumeivunja sote. Adhabu tunaisubiri hapa hapa mstarini.

Ni sisi askari wa zamu zote,
Kituo Kidogo cha Mtaa wa Mkwaju, Kariakoo.