Akiba ya Uzee wa Dafroza

Baba Paroko, wazee wetu, ndugu na majirani mliofika hapa Kanazi, shikamooni, mimi ni Celestini Ntirampeba, kaka wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya mdogo wangu pamoja na maneno aliyoyaacha.

Dafroza Ntirampeba alizaliwa tarehe 14 Agosti 1982 huko Murukulazo, mtoto wa pili wa Mzee Jean Paul Ntirampeba na Mama Selestina Nizigiyimana, waliokimbia Burundi mwaka 1972. Baba yetu alifariki mwaka 1994, na kabla matanga hayajaanuliwa ndugu zake wakamtoa mama ndani ya nyumba, akaondoka na sufuria mbili na sisi wawili nyuma yake. Dafroza hakulia siku ile, alikuwa anamtazama mama tu.

Alisoma shule ya msingi huko Keza, akamaliza kidato cha nne Biharamulo mwaka 2001, akabaki mjini pale akiwa fundi cherehani na mwalimu wa ushonaji. Tarehe 22 Novemba 2008 alifunga ndoa na Venance Kazimili, mtaalamu wa kompyuta, wakabarikiwa kumpata Ishimwe mwaka 2010 na Benedicta mwaka 2013, na mama yetu wakamjengea nyumba ndogo kwenye kiwanja cha Venance, hiki tulichokalia.

Mwaka 2016 Venance alipata kazi Marekani, Dafroza akamfuata kwa viza ya mwenza, ambayo haikumruhusu kufanya kazi. Hakukaa sana akamuuliza mumewe, "Baba Ishimwe, ukifa huku, au ukinichoka, mimi nitazeekea wapi?" Venance hakukasirika, akafungua akaunti ya uzeeni kwa jina la mkewe, kwani sheria ya kule inamruhusu mwenye mshahara kumchangia mwenza asiye na kipato, na kila mwaka aliichangia, naye Dafroza akawa ananipigia simu huku anacheka, "Kaka, nina pensheni na kazi sina!"

Januari 2023 tumbo lilianza kumuuma, akanyamaza. Machi Venance alipunguzwa kazini, bima ikakoma, na viza ya mke haikuweza kusimama bila ya mume, wakarudi mwezi Mei. Kule Mwanza madaktari wakaona uvimbe. Ng'ombe wakauzwa, gari likafuata, Venance akamsihi, "Mama Ishimwe, vunja ile akaunti, upone kwanza," lakini akiba hiyo ikitolewa kabla ya umri hukatwa kodi na faini, naye kila mara alijibu, "Hiyo ni ya uzee wangu," huku sisi tukimwona anavyozidi kukonda. Februari mwaka huu wa 2025 alikubali, ila daktari alikwishamwita Venance pembeni na kumwambia kwamba ugonjwa umefika kwenye ini, basi akaunti ikaachwa ilivyo.

Alifariki Jumapili tarehe 9 Machi. Asubuhi ile alimwambia mumewe mbele yangu, "Sasa akaunti ni yako. Mama asihamishwe tena." Venance alimshika mkono, hakujibu, na jana tumewaona ndugu wa Venance wakipima kiwanja hiki kwa kamba. Hatumlaumu mtu, ila kauli ya marehemu sasa mmeisikia wote.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mlioteka maji na kuleta kuni, na mafundi wenzake wa Biharamulo mlioshona sanda.

Pumzika kwa amani, Dafroza, sisi tuko macho.