Viatu vya Vifaranga wa Munyiva

Benchi letu liko Woodley, hapa Nairobi, kwenye kibarabara kinachotokea Ngong Road, chini ya mabati aliyoyachomelea Oyoo mwenyewe. Mimi ni Zedekiah, fundi wa viatu, na kibanda changu ndicho kinachotukinga upepo. Kando yangu Peres anauza kahawa na mandazi, na jiko lake la makaa linawaka toka asubuhi hadi jioni. Oyoo anatengeneza redio, pasi na chochote chenye waya, kwa hivyo tunamwita Injinia. Mzee Ndambuki alikuwa karani wa serikali miaka thelathini na mmoja. Yeye ni Hansadi, kama ile kumbukumbu ya Bunge, kwa sababu ukisema neno hapa leo, mwaka ujao atakurudishia vile ulivyolisema. Ilikuwa Jumatatu moja ya Julai, kwenye ile baridi inayokufanya ushike kikombe kwa mikono miwili, na Hansadi na Injinia walikuwa wanabishana kama mvua itanyesha. Mama mmoja mwenye sweta la kijani akasimama mbele yangu akiwa amebeba boksi la sabuni kifuani.

— Fundi, sasa.

— Poa, mama. Ni kushona ama ni kubadilisha soli?

— Ni kutengeneza vipya. Pea mbili.

— Saizi gani?

Aliweka boksi juu ya meza yangu, akalifungua. Ndani, juu ya kitambaa, kulikuwa na vifaranga saba wa siku mbili. Alimtoa mmoja wa rangi ya majivu, akanionyesha vidole vyake. Vilikuwa vimejikunja kama ngumi ya mtoto mchanga.

— Saizi ndiyo hiyo, akasema.

Nilifikiri ananichezea. Nikamwangalia usoni, nikaona macho ya mtu ambaye hajalala vizuri.

Jina lake ni Munyiva. Ni mpishi katika shule moja huko karibu, na anakaa chumba kimoja nyuma ya nyumba za zamani za kaunti. Mama yake alikuwa amezikwa Kitui mwezi uliotangulia. Yule mama alifuga kuku wa kienyeji maisha yake yote, wale wa shingo tupu, na kwa hao kuku Munyiva alisoma mpaka kidato cha nne. Wiki moja baada ya mazishi, kaka yake, Masila, aliita mtu wa lori, akauza kuku wote. Munyiva alipofika alipata banda tupu na mayai ishirini na mawili kwenye karai jikoni. Aliyafunga moja moja kwa magazeti, akapanda basi nayo mapajani.

— Nilinunua mashine ya kutotoa, ya mitumba, akatuambia. Siku ya kumi na nane stima ikapotea kutoka asubuhi mpaka saa tisa. Nilifunika mashine na blanketi zote niko nazo. Wakatoka kumi na wanne. Saba wako sawa. Hawa saba ndio wako hivi.

Hansadi alisogea, akavaa miwani.

— Hiyo si stima, mama. Ni safari. Yai likisafirishwa kwa basi, inategemea lilikuwa linaangalia wapi. Kama ulikaa kiti cha kuangalia nyuma, kifaranga ndani amezunguka. Sasa ametoka na kizunguzungu, miguu haijui mbele ni wapi.

— Mzee, yai halina macho, Injinia akasema. Shida ni hii minara ya simu. Hapa Woodley tumezungukwa. Kuku wa Kitui amezoea hewa safi. Ukimleta hapa, mishipa inapata shoti. Angalia huyu, miguu imefunguka kama nyaya ambazo zimekatika.

Alikuwa anaonyesha wengine watatu ndani ya boksi ambao miguu yao ilienda kulia na kushoto, tumbo likalala chini. Walikuwa wanajaribu kusimama na wanateleza.

— Shoti gani? Hansadi akauliza. Mimi nakwambia ni baridi. Yai la Kitui linajua joto la Kitui. Lilipofika hapa likasikia Julai, kifaranga akakataa kutoka. Ametolewa kwa nguvu. Kitu ikitolewa kwa nguvu haisimami.

— Basi na watu wa Mombasa wanaohamia hapa mbona wanasimama?

— Hao hawasimami, wanaegemea.

Munyiva aliwangoja wamalize, kama mtu anayengoja gari lipite ndio avuke barabara. Halafu akauliza, kwa upole kabisa:

— Kati yenu nani amewahi kufuga kuku?

Injinia akaangalia bisibisi yake. Hansadi akavua miwani, akaipangusa. Mimi nilizaliwa Majengo, hapa hapa mjini, kuku namjua wa kwenye sahani.

Peres ndiye aliyejibu. Alikuwa anapanga vikombe vyake.

— Mimi nimefuga. Kwetu Siaya, nikiwa msichana. Lete hao wawili wamelala pembeni.

Aliwageuza wale wawili. Kinyesi kilikuwa kimekauka nyuma, kikaziba kabisa, hawawezi kutoa haja. Peres akamimina maji ya moto kwenye bakuli, akapoza kwa maji baridi, akajaribu kwa kiwiko vile watu hujaribu maji ya mtoto. Akachovya pamba, akaanza kulainisha polepole.

— Usivute, akamwambia Munyiva. Ukivuta unachana ngozi. Ngoja ilegee yenyewe. Ukimaliza umkaushe kabisa, halafu mafuta kidogo ya kujipaka.

— Kule duka la dawa ya mifugo nimetoka waliniambia niwatupe, Munyiva akasema. Kijana aliangalia mara moja tu. Akasema nunua wengine, wako wengi.

— Na wewe ukamwambia nini? Peres akauliza.

— Nikamwambia hawa hawako wengi. Hawa ndio hawa tu.

Hansadi akamsogezea Peres bakuli la maji.

Mimi nikavuta kiti karibu. Munyiva alinieleza vile alivyoona mama yake akifanya alipokuwa mdogo: kipande cha kadibodi ngumu, kikatwe kama kiganja kidogo, vidole vinyooshwe juu yake kimoja kimoja, halafu vishikwe na plasta. Mifupa ya kifaranga wa siku mbili bado ni laini, inafuata unavyoielekeza. Ukingoja wiki, imekauka hivyo hivyo. Ndiyo maana alikuwa amekuja mbio.

Nimetengeneza viatu miaka ishirini na sita. Nimetengenezea mtu mguu mmoja mrefu na mwingine mfupi, nimetengenezea bibi harusi usiku umebaki mmoja. Kiatu cha kuku sijawahi. Nilikata kadibodi ya boksi la raba, nikailainisha ukingo kwa msasa. Munyiva alimshika yule wa majivu, mimi nikanyoosha kidole cha katikati. Kilikuwa chembamba kama kijiti cha kiberiti, na chenye joto. Kifaranga alilia, nikaacha.

— Endelea, Munyiva akasema. Anaogopa, haumii.

— Una uhakika?

— Sina. Endelea.

Tulifanya miguu minne. Ilituchukua karibu saa nzima. Wateja wawili walikuja na viatu vyao wakaambiwa na Hansadi warudi kesho, fundi yuko thieta, anafanya operesheni.

Wale watatu wa miguu ya kupanuka walihitaji kitu kingine. Plasta nyembamba, inazungushwa mguu mmoja na mwingine kama pingu, katikati inaachwa nafasi ya upana wa kidole changu kidogo, ili miguu ikae chini ya mwili na isirudi pembeni. Ikikazwa sana damu haipiti, ikilegezwa sana haisaidii. Hapo Injinia akaweka kando habari ya minara. Alichukua koleo yake ndogo, ile ya kushikia nyaya za redio, akawa ananishikia ncha za plasta bila kugusa ngozi. Ana mkono mtulivu huyo mtu, sikuwa najua.

— Umewaweka kwenye nini wakati wote huu? Peres akauliza.

— Gazeti.

— Ndiyo maana wanateleza. Gazeti ni laini. Mtoto akijifunza kutembea kwenye matope atapanua miguu vile vile. Weka gunia ama taulo la zamani.

Munyiva akafunga macho kidogo.

— Kwa hivyo ni mimi.

— Si wewe, Peres akasema. Ni gazeti.

Shida iliyobaki ilikuwa moja. Munyiva anaingia kazini saa moja asubuhi, anatoka saa tisa. Akiwaacha hawa na wale saba wazima nyumbani, chini ya balbu inayowapa joto, wazima wanawakanyaga. Akiwaacha peke yao, baridi itawamaliza. Nilimwona anaangalia jiko la Peres halafu anaangalia chini, hawezi kuuliza.

— Mchana boksi liache hapa, Peres akasema. Kila asubuhi unalipitisha kwangu, nafungua mapema. Wakijikusanya pamoja najua wanasikia baridi, nawasogeza. Wakikimbilia ukutani na kuhema, nawarudisha nyuma. Kahawa nachemsha hata hivyo.

Basi wiki hiyo benchi likawa wodi. Maji yao yalikuwa na sukari kidogo na chembe ya chumvi, kwenye kifuniko cha chupa kilichojazwa vijiwe ili wasizame. Hansadi alichukua daftari, akaandika nani amekula na nani amekunywa saa ngapi. Aliwachovya midomo mwenyewe wale wanyonge, kwa kidole, huku amekunja mkono wa koti. Yule karani aliyesema kuku wamekataa kutoka kwenye yai, nilimsikia Jumanne akimwambia mmoja wao kwa sauti ya chini, kunywa tu, kunywa, hakuna mtu anakukimbiza.

Siku ya kwanza wale wa pingu walikuwa wanaanguka mbele, kifudifudi. Wanainuka, wanaanguka. Injinia alihesabu mmoja akianguka mara arobaini kabla ya saa nne, akaacha kuhesabu. Aliyeanguka sana ndiye ambaye hakukubali kulala chini.

Jumatano asubuhi Munyiva alikuja na boksi, akaliweka juu ya meza kwa mikono miwili. Tulijua kabla hajafungua. Mmoja wa wale wawili wa Peres alikuwa amekufa. Munyiva alikuwa amemfunga kwenye kitambaa.

— Alikula jana, Hansadi akasema. Nimeandika. Saa nane alikula.

— Najua, Mzee.

— Alikula vizuri.

Peres alimchukua yule aliyekufa, akamtazama kitovu. Kilikuwa chekundu na kimevimba, hakijafunga. Akasema huyo ugonjwa ulikuwa umeingilia hapo toka alipototolewa, hata maji ya dunia nzima yasingemsaidia. Sijui kama ni kweli ama alisema kwa ajili ya Munyiva. Kisha akaangalia vitovu vya wale sita mmoja mmoja. Vilikuwa vikavu. Akatupa kitambaa cha boksi, akaweka kingine, akatuambia sote tunawe mikono na sabuni kabla ya kugusa, na tukimaliza tunawe tena. Tulinawa. Hata Hansadi, ambaye anaogopa maji baridi.

Munyiva hakulia. Alivuta sweta lake, akasema:

— Wamebaki sita. Naenda kazi, nitarudi saa tisa.

Akaenda. Nilimwangalia mpaka alipokata kona, anatembea haraka kama mtu anayejua anakokwenda.

Ijumaa alasiri tulifungua plasta. Alikuwa ametoka kazini moja kwa moja, mikono bado inanuka vitunguu. Nililowesha plasta kwa maji ya vuguvugu na mafuta, nikakata kwa mkasi mdogo. Yule wa majivu alikuwa wa kwanza. Kiatu kilitoka, kidole cha katikati kikabaki kimenyooka. Nilimweka kwenye gunia. Alisimama kama anasikiliza kitu. Akainua mguu mmoja juu sana, kama bado umebeba mzigo, akauweka chini. Halafu mwingine. Halafu akaenda mpaka kwenye chakula, bila kuangalia mtu.

Munyiva alishika mdomo.

Wa pili akawa sawa, ila kidole kimoja cha nje kilibaki kimepinda kidogo. Kati ya wale wa pingu, wawili walitembea siku hiyo hiyo. Wa tatu alisimama, akasimama, mguu wa kushoto ukaanza kuteleza tena pembeni pole pole mpaka tumbo likagusa gunia.

— Huyo amekataa, Injinia akasema. Huyo tumwachie Mungu.

— Huyo tunafunga tena, Munyiva akasema.

— Mama, siku nne zimeisha.

— Tunafunga tena. Shika koleo.

Injinia akashika koleo. Nikakata plasta mpya. Safari hii niliacha nafasi ndogo zaidi katikati, na Munyiva akanisimamia begani mpaka aliporidhika. Kifaranga alianguka kifudifudi, akainuka.

Wakati huo kuna mwanamume mmoja wa suti alikuwa amekaa mwisho wa benchi, mguu mmoja na soksi, anangoja nimgundishie soli. Hajawahi kukaa hapo kabla. Alikuwa ametuangalia muda wote huo, kahawa imepoa mkononi. Tulimweleza yote: banda la Kitui, basi, stima, viatu, yule wa Jumatano. Alitikisa kichwa, akasema kweli hiyo ni kazi. Akainama akawaangalia wale sita kwenye gunia.

— Na wakikua, akauliza, mtawachinja?

Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka tu kujua.

Hansadi alifungua daftari, akaligeuza kurasa mbili, akalifunga. Injinia alikuwa bado ameshika koleo hewani. Mimi nilichukua kiatu cha yule bwana, nikaanza kukisugua mahali palipokuwa pameshasuguliwa. Munyiva alimpakata yule wa pingu, akapitisha kidole mgongoni mwake.

Yule bwana alingoja. Mwishowe akanyoosha kikombe chake apewe kingine.

— Kahawa imeisha, Peres akamwambia, na mvuke ulikuwa bado unatoka mdomoni mwa birika.