Mama Magongo, Aliyejua Kuomba na Kuachia

Ndugu na jamaa, majirani, wafanyakazi wenzake, na ninyi mliokuja kwa magongo na viti vya magurudumu mkaketishwa safu ya mbele, mimi ni kifungua mimba wa marehemu, na familia imenikabidhi kuwasomea maisha yake, kazi ambayo nilijaribu kumsukumia mjomba, lakini mjomba amesema sauti yake haitafika mwisho, basi nami nikikwama mahali mnivumilie.

Mama yetu alizaliwa tarehe 14 Mei 1956, mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi viatu na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya kibanda cha babu, na bibi alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alijua kuomba kabla hajajua kutembea, kwani kila mteja aliyeingia alinyooshewa mkono, na akitoa chochote alichekewa mpaka akaondoka akiona yeye ndiye aliyepewa.

Alianza shule ya msingi Januari 1964, akaendelea na sekondari ya wasichana na kumaliza kidato cha nne mwaka 1974, na kwa kuwa karo ya kuendelea haikupatikana, alisomea upigaji chapa na utunzaji wa kumbukumbu, akahitimu Agosti 1976 akiwa wa pili darasani, na hakuacha kutukumbusha kwamba yule wa kwanza alikuwa na mashine yake nyumbani.

Tarehe 3 Januari 1977 aliajiriwa kuwa karani wa masjala hospitalini, na tarehe 19 Desemba 1981 alifunga ndoa na baba yetu, mwalimu wa hisabati, mtu wa maneno machache, wakajaliwa watoto watatu, mimi mwaka 1983, mdogo wangu wa kiume mwaka 1986, na kitinda mimba wetu mwaka 1991.

Chumba cha masjala kilikuwa na dirisha moja lililotazama lango la kutokea, na mama alisema dirisha hilo ndilo lililomponza, kwa sababu hapo aliwaona wagonjwa waliokatwa miguu wakiruhusiwa kwenda nyumbani bila kitu cha kuegemea, mpaka siku moja ya mwaka 1988 alipomwona fundi seremala amebebwa mgongoni na mke wake mjamzito, akaacha mafaili mezani, akawakimbilia, akawauliza wanakaa wapi. Jioni ile alianza kupita nyumba kwa nyumba, kwa watu ambao wagonjwa wao walikuwa wamepona au wamefariki, akiomba magongo yaliyokuwa yamelala nyuma ya milango, na kufikia mwisho wa mwaka baraza letu lilikuwa na jozi ishirini na tatu za kuazima, naye akawa Mama Magongo, jina lililowafanya wapangaji wapya wawakataze watoto wao kupita kwetu wasije wakapigwa.

Chama chake kilisajiliwa tarehe 11 Machi 1996, akaacha kazi ya hospitali, akapanga banda la kutengenezea magongo na viti vya magurudumu nyuma ya gereji moja, na mfanyakazi wake wa kwanza akawa yule yule seremala, ambaye yuko nasi leo. Kwa miaka minane mfadhili mmoja mkubwa alibeba karibu bajeti yote, na baba alimwonya mara nyingi, akimwambia, "Mke wangu, hesabu hii haisimami," naye akamjibu kwamba walimu wa hisabati hawajui kufurahi. Mwezi Juni 2008 ikaja barua ya aya mbili, kwamba vipaumbele vimebadilika na msaada utakoma Desemba.

Mhazini alimsihi asiwaambie wafanyakazi mpaka mambo yatengemae, lakini mama aliwaita wote kumi na mmoja, wakazunguka meza ya kufanyia kazi, akawasomea barua ile bila kuruka neno, kisha akasema, "Kosa ni langu, nilitegemea mtu mmoja. Mshahara wangu ni nusu kuanzia mwezi huu. Wa kwenu tutauzungumza pamoja." Baadaye alikwenda kwa wajumbe wa bodi akawauliza wao wenyewe wametoa nini, maana aliona haya kugonga mlango wa mgeni wakati wenye nyumba hawajatoa kitu, na wajumbe wawili wakajiuzulu, watano wakatoa.

Kisha akaingia mtaani pamoja na seremala, duka kwa duka, na safari ya kwanza hakuomba fedha kwa mtu yeyote, bali aliwaalika waje Alhamisi kuona banda, wakae kwenye kiti, wajaribu kukiendesha mpaka barabarani na kurudi. Mwenye duka la dawa, ambaye amechangia kila mwezi tangu wakati huo, aliniambia jana pale msibani, "Nilingoja aniombe, haombi. Nikaona aibu, nikamuuliza mwenyewe anataka nini."

Ilipofika mwaka 2010 wachangiaji walikuwa watu mia tatu na arobaini, kila mmoja na kidogo chake, na kila aliyetoa mara ya kwanza aliandikiwa shukrani kwa mkono kabla siku mbili hazijapita, barua ikitaja kitu kilichofanyika, na sisi watoto, watu wazima na ndevu zetu na watoto wetu, tukiitwa kubandika bahasha. Mwaka 2011 viti kumi na vinane vilipovunjika magurudumu, aliwaandikia wachangiaji wote kabla habari haijawafikia, akieleza kilichoharibika na atakavyokitengeneza, na waliojitoa walikuwa watatu, mmoja wao akarudi.

Baba alitutoka mwaka 2012, wakati mimi nimekuwa mratibu pale bandani kwa miaka miwili, na mama alipofikisha miaka sitini na kutangaza kwamba baada ya mwaka mmoja ataachia uongozi, mimi, sitaficha, nilijua nafasi ni yangu. Alinikalisha jikoni, akazima jiko, akasema, "Bodi itatangaza kazi. Wewe usiombe."

Nikamuuliza nimekosa nini.

"Hujakosa kitu, mwanangu. Lakini ukikaa pale, kila anayetoa atajiuliza anamchangia asiyetembea au anatuchangia sisi. Na wewe hutajua maisha yako yote kama ulipewa kwa sababu unaweza."

Nilimjibu maneno ambayo siyasomi hapa, nikachukua mkoba wangu, na kwa miezi kumi na mmoja sikukanyaga kwake. Mama aliyeweza kumwomba mtu yeyote kitu chochote hakuniomba nimsamehe, alituma tu ujumbe kila Jumapili kuuliza wajukuu wameamkaje, nami nilijibu kwa neno moja. Nilipata kazi ya kuongoza chama kingine, cha wanawake washonaji, na siku ombi letu la kwanza la ufadhili lilipokataliwa nilifunga mlango wa ofisi, nikajikuta nimempigia, nikasema, "Mama, wamenikatalia." Nikasikia anavuta kiti, kisha akauliza, "Wamekataa kazi yako au wamekataa barua yako? Nisomee." Tuliongea saa mbili, na hakuna aliyetaja jikoni.

Mwezi Februari 2022 miguu ilianza kumvimba na pumzi kumwishia, madaktari wakagundua moyo umechoka, akalazwa mara nne, na alipohitaji kiti cha magurudumu alikataa kuletewa mpaka daftari la waazimaji liletwe kwanza, akajaza jina lake kama watu wengine, na kwenye safu ya tarehe ya kurudisha akaandika "tutaonana". Alifariki Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa tatu na dakika kumi asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwangu, ameacha watoto watatu na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo waliomhudumia kwa subira, ingawa aliwaalika wote waje Alhamisi kuona banda, tunawashukuru majirani waliopika na kulala nasi siku hizi zote, na wafanyakazi wenzake wa tangu wakati wa baraza hadi leo. Na wewe mkurugenzi wa sasa, mtaalamu wa tiba ya viungo uliyepewa nafasi niliyoitaka, ambaye kwenye harusi ya mdogo wangu ulinipa mkono nikajifanya natafuta mtoto, leo nakushukuru mbele ya watu wote, kwa sababu banda limekua mara mbili, na mimi nisingeweza kufanya ulichofanya, naomba baada ya hapa unipe mkono huo tena.

Mama, kazi imepata wenyewe. Lala sasa, upumzike kwa amani.