Vincent Mwandawiro na Chumba cha Gemu

Ndugu Vincent Mwandawiro anastaafu Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025, baada ya miaka ishirini na miwili katika duka letu la vifaa vya elektroniki hapa Voi. Wateja wengi wanamjua kama mtu wa chumba cha nyuma, chumba cha gemu, chenye mashine sita na viti vya plastiki ambavyo havijawahi kutosha siku ya Jumamosi. Mpaka mwezi uliopita tulidhani chumba hicho kingefungwa akishaondoka. Habari hiyo tutaifikia.

Vincent hakuanzia kwenye gemu. Alizaliwa Werugha, akamaliza kidato cha nne, kisha akaajiriwa kupokea maziwa katika kituo cha wakulima. Kila mtungi aliupima kabla hajaukubali. Maziwa yaliyoongezwa maji yalirudi nyumbani, hata yale ya shangazi yake, ambaye Krismasi ya mwaka huo alimpakulia wali bila nyama.

Mwaka 2003 marehemu Mzee Kimeu, mwanzilishi wa duka, alimwajiri auze redio na betri. Mashine ya kwanza ya gemu ilipoletwa mwaka uliofuata, hakuna aliyeitaka, akakabidhiwa yeye. Alikuja nayo ile tabia ya kituo cha maziwa. Gemu mpya haikuwekewa bei kabla hajaionja, na kuonja maana yake ilikuwa kuicheza wiki nzima pamoja na wateja wawili wasiolipa, mmoja stadi na mmoja asiyejua kitu. Ikikwama, au ikimchosha yule asiyejua kabla ya chai ya saa nne, ilirudishwa kwa muuzaji wetu wa Mombasa au ilichezwa kwa nusu bei. Kwa hiyo gemu nzuri ya zamani iliweza kutozwa zaidi ya gemu mpya mbovu, na mteja aliyelalamika alielezwa sababu.

Utaratibu huo aliuvunja mara moja. Desemba 2019, watu wa milimani wanaofanya kazi mijini wakirudi nyumbani kwa sikukuu, aliagiza gemu ya kandanda kabla haijatoka, kwa kuamini jina lake tu, na akaanza kuitoza bei ya juu siku ileile ilipofika. Kila mechi ilipofika penalti, gemu ilikwama. Donald Mwanzia, fundi wa pikipiki na mteja wa tangu zamani, aliinuka na kuuliza kwa sauti: "Mzee, hii uliipima na nini, kijiko?" Chumba kizima kiliangua kicheko. Vincent alimrudishia kila mtu pesa yake. Kampuni ilituma marekebisho kwa mtandao mwezi wa Januari, wageni wakiwa wamesharudi Nairobi na Mombasa. Tangu hapo husema kwamba siku hizi gemu zinauzwa kama mahindi ambayo bado yako shambani.

Miaka ya karibuni biashara imebadilika. Diski mpya ya kandanda sasa inakaribia bei ya mbuzi mnono wa Ndara, na vijana wana gemu za bure kwenye simu. Shanice Mghoi, msaidizi wa Vincent kwa miaka minne, alipendekeza tuingie kwenye usajili: unalipa kila mwezi, unacheza mamia ya gemu, lakini ukiacha kulipa hubaki na hata moja. Vincent alipinga. "Ng'ombe wa kukodi humpi jina," alisema. Shanice akamjibu, "Lakini maziwa yake si unakunywa, Mzee?" Ikabidi auonje usajili wenyewe kwa mwezi mmoja. Uamuzi wake ndio tunaoufuata mpaka leo: gemu fupi zichezwe kwa usajili, kandanda ibaki kwenye diski, kwa kuwa mtandao ukikatika mechi haitasimama.

Januari hii Bi. Nduku Kimeu, mwenye duka, alitueleza kwamba Vincent akiondoka chumba kitafungwa na nafasi hiyo itatumika kuuzia simu. Kazi ya Shanice ingeishia hapo. Bi. Nduku hakuzungukazunguka: "Watu hawaji kwa sababu ya mashine. Wanakuja kwa sababu Vincent anaweza kusema hapana. Akienda, nani atasema?"

Mwezi wa Mei ililetwa gemu ya magari. Vincent aliionja, akaipenda, hasa barabara zake zinazopanda milima kwa kona kali kama za kwenda Wundanyi. Akataka itozwe bei kamili. Shanice alikataa. Magari mawili tu ndiyo yaliyokuwa wazi, mengine yote yalinunuliwa kwa pesa nyingine ndani ya gemu. "Mtu atalipa mlangoni, halafu aambiwe alipe tena njiani," alisema. "Mimi siiweki, Mzee." Walibishana siku mbili, wateja wakichochea pande zote. Siku ya tatu Vincent aliicheza tena kwa yale magari mawili, akaizima, akairudisha kwenye boksi lake na kumpa Shanice. "Irudishe Mombasa," alisema. "Kwa jina lako."

Bi. Nduku alikuwa mlangoni na fundi seremala aliyekuja kupima rafu za simu. Alimwambia akapime ukuta wa mbele, huku nyuma kuna kazi inaendelea.

Chumba kinabaki wazi: Septemba Shanice ataonja humo gemu ya kandanda ya msimu mpya, na bei itajulikana baada ya wiki moja, kama kawaida.

Vincent, asante kwa kutufundisha kwamba bei ni ahadi. Tunakuombea afya njema, mvua ya kutosha huko Werugha, na siku nyingi za kupumzika pamoja na jamaa zako. Nenda salama.